Ubao wa Mwalimu Perpetua

Vijana mnaopiga na kucheza ngoma hapa Kinole, na ninyi mlioko mjini mliojifunza kwa watu waliojifunzia hapa: kabla sijasema neno juu ya Mwalimu Perpetua, tenganisheni mliyoyaona kwa macho yenu na mliyosimuliwa. Mkishatenganisha mtashangaa jinsi fungu la kwanza lilivyo dogo. Mimi nilimpigia ngoma mwanamke huyo tangu nikiwa kijana mwenye meno yote hadi vidole vyangu vilipokataa kazi, na hata mimi yapo mambo yake ninayoyajua kwa kusikia tu. Hayo sitayaandika.

Nitaandika habari za kazi yetu. Nitaandika pia habari za ubao, kwa sababu ubao huo ulikaribia kumpotezea msichana mmoja nafasi yake kati yenu, nami kwa siku zile zote sikujua ladha ya chakula.

Nilifika uwanjani kwake nikitoka chuo cha ualimu, nina cheti cha muziki na kiburi cha kuwatosha watu wawili. Nilijua kusoma noti. Sikujua kwamba ukungu unaoshuka mlimani asubuhi huilegeza ngozi ya ngoma hata ikalia kama mtu anayekung'uta mto wa kulalia. Ilikuwa sikukuu ya parokia. Mwalimu aliniagiza nizipashe ngoma moto, akanionyesha rundo la majani makavu ya mgomba. Nikaona majani yale yananichelewesha. Akina mama walikuwa wakipika pilau nyuma ya kanisa, mkaa wao umekolea vizuri. Nikauinamisha msondo, ile ngoma yetu ndefu, juu ya mkaa huo. Ngozi ilipasuka kwa mlio ambao padre aliusikia akiwa sakristia.

Mwalimu Perpetua alikuja, akaitazama ngoma, akanitazama mimi.

"Mwalimu wa chuo," alisema mbele ya watu wote, "umetupikia ngoma. Haya, tuletee na mchuzi."

Tangu siku hiyo jina langu likawa Mpishi, na ninyi mnaoniita Babu Mpishi mkidhani nilipata kuwa na hoteli, sasa mmejua. Mjue na somo lake. Ngoma hupashwa kwa moto wa majani, unaowaka na kuzimika upesi. Izungushe, usiiache itulie. Weka mgongo wa kiganja chako karibu na ngozi: ukishindwa kuvumilia wewe, na ngozi imeshindwa. Najua siku hizi mna ngozi za plastiki na spika kubwa kuliko kabati. Lakini umeme wa huku milimani mnaujua tabia zake, na siku utakapokatika mkiwa mbele ya wageni mtayatafuta majani ya mgomba.

Mwalimu alifundisha kwa namna ambayo watu waliiita ukali. Wanafunzi wote walicheza bila viatu, hata wakati wa baridi. Alitaka uwanja wa udongo uliopondwa ukapondeka, akaukagua kwa nyayo kama mtu anavyokagua godoro. Aliyetaka kusema naye ilimlazimu asimame mbele yake. "Mimi siongei na mtu aliye kisogoni kwangu," alisema. "Zunguka, njoo nikuone ulivyofunzwa." Mtoto aliyemwamkia shikamoo akiwa nyuma yake hakupata marahaba, akaenda nyumbani kusema Mwalimu anaringa. Wazazi waliyapokea hayo kama malezi ya zamani. Mimi pia niliyapokea hivyo, mpaka siku ya maandamano.

Siku hiyo tulitoka barabarani kuelekea kanisani, nami niliubeba msondo kwa mkanda begani. Mwalimu alitangulia akicheza, watoto wanamfuata. Tulipofika kwenye kona nikaona mguu wake unachelewa. Watoto walichelewa naye, wakidhani ni mtindo mpya, na watu wa kando ya njia wakashangilia. Tulipoingia uwanjani nikaitua ngoma chini, na mara Mwalimu akarudi kwenye mapigo, kama mtu aliyevutwa kwa kamba.

Mtu mwingine angesema amechoka. Mimi sipendi kusema kabla sijapima. Siku ya mazoezi, nikiwa naendelea kupiga, niliuinua mguu wa ngoma kidogo kutoka ardhini. Mguu wa Mwalimu ukapotea. Nikaishusha, akarudi. Nilirudia siku nyingine udongo ukiwa mkavu, nikarudia baada ya mvua, na kila mara niliomba moyoni niwe nimekosea.

Jioni moja aliwaaga wanafunzi, akaniita.

"Mpishi, unanichezea."

Nilizunguka, nikasimama mbele yake. "Ninapima, Mwalimu."

"Umepata nini?"

"Kwamba hunisikii vizuri. Unasikia kwa miguu."

Alikaa kwenye gogo, akaanza kufungua njuga zake.

"Sikio la kushoto limeondoka zamani," alisema. "La kulia linaniaga. Nilikwenda hospitali, wakanipa matone na pole. Wakijua kule shuleni mjini wanakoniajiri, kesho wataleta mwalimu mwingine. Nani atawakabidhi watoto wa ngoma kwa mtu asiyesikia ngoma?"

"Sitasema."

"Sitaki usiseme leo tu. Nataka usiseme kabisa."

"Kabisa, Mwalimu."

"Basi weka ngoma chini, na ikae chini siku zote."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpigaji wake hasa. Mnaposikia watu wakisema tulielewana bila maneno, ni kweli, ila maelewano hayo yalikuwa na hofu ndani yake. Kila tulipoalikwa mahali nilitangulia kuangalia sakafu. Udongo ulitufaa. Jukwaa la mbao lilitufaa zaidi, kwa kuwa mbao hupokea pigo na kulipeleka mbali. Saruji ilikuwa adui yetu. Saruji hainong'oni hata neno moja.

Sasa sikilizeni habari za ubao, kutoka kwa mtu aliyekuwapo.

Tulialikwa mjini, karibu na Msamvu, kucheza mbele ya wakubwa wa elimu waliokuwa wakitafuta mwalimu wa kuwafundisha walimu wenzake. Ilikuwa tucheze kwenye nyasi. Mvua ikashuka kutoka mlimani kama iliyotumwa, na mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Kihindi, Bwana Jamal, akatufungulia ghala lake. Wote walimshukuru. Mimi nilitazama chini: saruji, kutoka ukuta hadi ukuta. Niliutua msondo, nikapiga kidogo kama anayejaribu ngozi. Mwalimu alikuwa amesimama katikati, vidole vya miguu vinatafuta sakafuni na havipati kitu. Aliinua macho akanitazama. Katika miaka yote niliyomjua sikupata kuona tena uso ule.

Wageni walikuwa wameketi. Watoto walikuwa wamejipanga. Pembeni palikuwa na stoo ndogo ya vitunguu, yenye mlango wa mbao nzito ya zamani. Nikaomba bisibisi kwa dereva wetu, nikaanza kufungua bawaba.

"Bwana! Bwana mpiga ngoma!" Bwana Jamal alikuja mbio, mikono juu. "Unafanya nini na mlango wangu?"

"Nauazima."

"Mlango hauazimwi! Mlango ni jembe?"

Mwalimu Perpetua hakusikia neno lolote katika hayo, lakini mikono ya Bwana Jamal ilieleza vya kutosha. Akamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, kaa hapo mbele. Leo utauona mlango wako ukifanya kazi ambayo hujapata kuupa."

Niliulaza mlango juu ya vipande vya matofali, kwa sababu mlango ukilazwa moja kwa moja juu ya saruji unakufa. Lazima upate nafasi ya kutetemeka. Nikauweka mguu wa msondo upande mmoja. Mwalimu akavua kanda zake, akapanda upande wa pili. Nikapiga pigo moja tu, zito. Mabega yake yakashuka, naye akapuliza filimbi.

Alichaguliwa. Bwana Jamal alipiga makofi kuliko wageni wote, kisha akatuambia, "Chukueni mlango wenu. Wezi wakiingia kula vitunguu nitawaelekeza Kinole."

Kuanzia hapo mlango ule ulikwenda popote tulipokwenda, msondo ukiwa juu yake upande mmoja na Mwalimu upande wa pili. Tuliuondoa kitasa, tukaupiga randa, watu wakauita ubao. Mwanafunzi alipouliza, Mwalimu alijibu, "Hapo husimama anayeongoza," akageukia kazi. Jibu hilo fupi watu walilijazia wenyewe. Kwanza nikasikia ni mbao ya mvule. Baadaye mvule ukawa umekatwa katika msitu wa matambiko. Kisha ikawa ubao umerithiwa kutoka kwa bibi yake mzaa mama, na mtu wa ukoo mwingine akiukanyaga atapatwa na maradhi. Mwisho nikamsikia kijana mmoja akiwaeleza watalii kwamba lile tundu la pembeni ni la mizimu kupumulia. Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwake. Nilikuwa nimeapa, nikanywa chai yangu.

Mwalimu alipofariki, kikundi kilishikwa na Deo, mtoto wa mdogo wake wa kike. Nanyi mnajua kwamba kwetu Waluguru mambo hufuata upande wa mama. Deo si kijana mbaya. Amewatafutia mialiko, amenunua vyombo, picha za ngoma yenu zinatazamwa na watu ambao hawajui Kinole iko upande gani wa Morogoro. Ila aliuamini ubao kuliko alivyomfahamu mama yake mkubwa. Akaweka sharti kwamba asiye wa ukoo haruhusiwi kuukanyaga.

Ndipo Skola akaukanyaga.

Skola ni binti wa mama mmoja anayelima ndizi na mdalasini huku juu. Ni mchezaji mzuri, anayekunja uso muda wote. Katika harusi moja mjini, mbele ya watu na simu zao, aliacha mstari wake akapanda kwenye ubao pembeni ya Deo, akacheza hapo hadi mwisho. Jumatatu habari ilikuwa imepanda mlima kabla yake. Wengine walisema amefanya jeuri, anautaka uongozi. Wengine walisema laana imeshaanza, maana mpigaji wa chapuo, ile ngoma ndogo, alipata homa, kana kwamba huku hatujawahi kuona mbu. Deo akaitisha mkutano wa Jumamosi ili Skola aondolewe.

Nilikwenda nyumbani kwao nimsikie mwenyewe. Mama yake alikuwa shambani. Skola alikuwa amekaa uani, akikwangua magome ya mdalasini, mgongo kwenye njia. Nikapiga hodi. Nikapiga tena. Kisu kiliendelea na kazi yake bila kusita. Nikaacha kupiga hodi, kwa sababu niliwahi kusimama nyuma ya mgongo kama ule.

Nikazunguka mbele. Akaruka kwa mshtuko. "Shikamoo, babu!"

"Marahaba. Uliukanyaga ubao?"

"Niliukanyaga."

Nikaweka kiganja mdomoni kama anayejifuta, nikauliza, "Nani alikutuma?"

Alikitazama kiganja. "Babu, toa mkono." Kisha akaelewa nilichokifanya, na kile kisu kikaanguka.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu nilipoumwa ile homa kubwa, niko darasa la sita. Spika za Deo ndiyo zinanimaliza, babu. Sauti inakuwa kama mto umejaa, sijui ngoma iko wapi. Natazama miguu ya wenzangu. Siku ya harusi tulipangwa mbele, sikuwa na miguu ya kutazama. Nikaukanyaga ubao kidogo tu kwa bahati mbaya, na ngoma ikaja yenyewe. Ikaja yote! Sikuweza kutoka."

"Mama yako anajua?"

"Anasema mimi mkaidi, nikiitwa siitiki."

"Lazima ajue. Na lazima uende hospitali ya mjini."

"Nitakwenda. Lakini usiwaambie wale, babu. Watasema ndiyo laana yenyewe hiyo. Wataniondoa kwa hilo pia."

Basi nikawa na siri mbili, moja ya marehemu na moja ya aliye hai. Sikulala vizuri. Nikikaa kimya, msichana ataondolewa kwa kosa lisilokuwapo. Nikisema, navunja neno nililompa mtu asiyeweza tena kunisamehe. Nilijiuliza kama Mwalimu angeniruhusu. Sikupata jibu, na sipendi kumtilia marehemu maneno kinywani. Wanaofanya hivyo tunao wa kutosha. Niliona hivi tu: siri ile ilikuwa ya kumlinda mtu asinyang'anywe ngoma, na sasa ilikuwa inatumika kumnyang'anya mwingine. Uamuzi nikauchukua kuwa wangu, na lawama zake zangu. Nikamrudia Skola nikamwambia nitasema ya Mwalimu peke yake. "Ya kwako ni yako. Ukitaka utasema, usipotaka hakuna atakayeyasikia kwangu."

Jumamosi mlikuwapo wengi wenu, kwa hiyo nitakuwa mwangalifu.

Deo alifungua mkutano akaeleza sharti lilivyovunjwa. Nikaomba ubao uletwe na ugeuzwe.

"Ugeuzwe? Babu Mpishi, ubao huu haugeuzwi hovyo."

"Mimi ndiye niliyeufungua kwenye bawaba zake. Ugeuze."

Uligeuzwa. Nikawaonyesha mabonde ya bawaba, nikaingiza kidole katika lile tundu mashuhuri. "Hapa palikuwa na kitasa. Huu ni mlango wa stoo ya vitunguu."

Msichana mmoja nyuma akasema, "Kwa hiyo mizimu ilikuwa inapumulia vitunguu?" Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Deo hakucheka. Mishipa ya shingo ilimtoka nilipoeleza sababu ya mlango ule kufika pale.

"Unasema Mama Mkubwa alikuwa hasikii? Mwalimu wa ngoma? Ushahidi uko wapi, mzee?"

Nilifurahi kwamba ameuliza. Ni swali ambalo lilistahili kuulizwa miaka mingi iliyopita. "Ushahidi mnao ninyi," nikasema. "Nani kati yenu aliyepata kumwamkia akiwa nyuma yake, akaitikiwa? Anyooshe mkono." Hakuna. "Nani aliyepata kuruhusiwa kupiga msondo ukiwa begani?" Hakuna. Mlitazamana. Niliona vichwa vikirudi nyuma, kila mtu akipekua alichokiona mwenyewe.

Deo alikaa chini. "Nimekulia nyumbani kwake," alisema, na sauti yake haikuwa ya mwenyekiti. "Nilikuwa namwita jikoni, anaendelea na kazi. Nilidhani hanipendi."

Hapo Skola akasimama. Njuga alizozifunga miguuni zikalia. "Na mimi niko hivyohivyo," alisema. "Sikupanda kwa jeuri. Pale ndipo ninaposikia." Akakaa upesi, kama aliyeungua.

Deo aliwaita wazee kando. Walizungumza kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko ngoma yoyote niliyopiga. Waliporudi, Deo alisimama akiwaelekea wapigaji, mgongo nusu kwa wachezaji, akasema kwa sauti kubwa: sharti la ukoo limefutwa, ubao ni wa yeyote anayeuhitaji, na Skola anabaki kikundini. Vigelegele vikapanda. Watu wakapiga makofi, wengine wakarusha kofia.

Nikamtazama Skola. Alikuwa ameketi katikati ya furaha ile yote, macho yanakwenda uso hadi uso, hajui wanashangilia nini. Midomo ilikuwa mingi mno kuisoma. Nikaona anaamua kwamba ameondolewa. Aliinama, akaanza kufungua njuga zake, polepole, akizipanga chini moja kando ya nyingine ili azirudishe kikundini.

Nilijaribu kuinuka, magoti yakachelewa. Nikaita, "Deo!" Alifuata macho yangu, akaona njuga zile chini. Akaacha mkono aliokuwa akipewa na wazee, akapita katikati ya watu, akamzunguka Skola hadi mbele yake, akachuchumaa uso wake ukiwa sawa na wake.

"Unabaki," alimwambia, akilitamka neno lote mdomo ukionekana. Alimsubiri amtazame. "Umenielewa? Unabaki. Funga njuga."